Mbalamwezi Iwe Siku ya Betri

Ndugu zangu wa Kigoma na Ujiji, mafundi wa Mwanga na Gungu, waunda maboti wa Kibirizi na Katonga, wavuvi na wachuuzi wa mialo yote kuanzia Kagunga hadi Kalya, nina ombi moja kwenu. Betri, iwe ya drili au ya taa ya dagaa, isiachwe kuwa shauri la mwenye nayo peke yake. Iwe shauri la mwalo mzima.

Naomba hivyo kwa sababu kazi zetu zimebadilika, na mazoea yetu hayajabadilika kwa kasi hiyo. Zamani fundi wa boti alikuja kazini na tezo, randa, msumeno wa mkono na keekee. Umeme wa mjini ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa, na mwaloni haukufika kabisa. Leo kijana anatembea na drili ya betri begani, anatoboa mbao ngumu akiwa amesimama mchangani, hana waya wa kuburuta kwenye maji wala jenereta la kukodi. Majini nako karabai zinaipisha taa ya betri, isiyopiga moshi wala kuhitaji mafuta ya taa. Neema hii hakuna anayetaka kuirudisha. Ila imekuja na moto uliofungwa ndani ya kasha la plastiki, na moto wa mtu mmoja mwaloni haujawahi kubaki wa mtu mmoja. Mbao zimelala jirani, nyavu zimelala jirani, madumu ya petroli yamelala jirani.

Watu wa Kigoma hatuhitaji kufundishwa thamani ya kutunza chombo. Meli yetu ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli hadi huku, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani tarehe 5 Februari 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani, wakiwa wanashindwa vita, waliizamisha kwa mikono yao karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Grisi iliyopakwa kwa uangalifu ilishinda miaka minane ya maji.

Betri ya lithiamu haina uvumilivu huo. Ikizama dakika chache tu, maji ya ziwa hili yenye madini mengi huingia ndani na kuanza kuunganisha mahali pasipotakiwa kuungana. Unaweza kuianika juani, ikaonekana imepona, ukaiweka kwenye chaja, na siku ya tatu ikalipuka usiku watu wamelala. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mwaloni iwe hii: betri ya lithiamu iliyozama haichajiwi tena. Hasara yake ni ndogo kuliko hasara ya banda.

Sasa twende kwenye kununua, maana ajali nyingi huanzia dukani. Seli moja ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye drili hubeba volti 3.6 kwa kawaida, na volti 4.2 ikiwa imejaa. Betri ya volti 18 ni seli tano zilizopangwa kwa mfululizo. Zikijaa zote, hesabu inafika 21. Ndiyo maana dukani utaona drili moja imeandikwa 18, nyingine 20, nyingine 21, na zote zina seli tano zilezile. Hapo hakuna aliyekudanganya sana. Lakini ukiona kasha la ukubwa uleule limebandikwa 48, 88 au 128, elewa kwamba namba hiyo si volti. Ni pambo la kukufanya utoe pesa.

Mizani ya dukani itakusaidia kuliko maandishi. Seli moja ya kawaida, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri kubwa yenye seli kumi inapaswa kukaribia nusu kilo kwa seli peke yake, kabla hujahesabu kasha. Ukipewa kasha kubwa lenye sifa kubwa na mkononi ni jepesi, limebeba seli chache na hewa. Wafanyabiashara wetu wanaoleta mzigo kutoka Kariakoo, ninyi ndio kinga ya kwanza. Mwambieni mteja ukweli wa namba, muuzieni chaja inayolingana na betri, na msimpe chaja ya drili nyingine kwa sababu tu plagi imeingia. Plagi kuingia si ushahidi kwamba umeme wake unafaa.

Na mnaopanda ndege na vifaa hivi, kumbukeni kwamba betri za akiba haziwekwi kwenye begi la mizigo. Hukaa nanyi ndani, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa. Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa: betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, iko chini ya kikomo cha 100 ambacho mashirika ya ndege hukubali bila kuomba kibali. Ukizidi hapo, uliza shirika kabla ya safari, usingoje kuulizwa uwanjani.

Mafundi wangu, kwenye kuchaji ndiko tunakozembea zaidi. Betri ikitoka kutoboa mbao ngumu huwa ya moto. Ukiichomeka hivyo hivyo unaichosha, na siku moja utaichokoza. Iache kivulini ipoe, hata nusu saa, ndipo uchaji. Joto likipita nyuzi 45 si la kuchajia, na chini ya bati la Kigoma wakati wa kiangazi si mbali na hapo. Chagua mahali penye hewa, juu ya saruji au bati tupu, mbali na maranda, mbali na godoro, mbali na pamba ya kalafati. Usichajie mlangoni, maana moto ukianzia mlangoni mtatokea wapi? Na usichaji ukalala. Kama huna mtu wa kuangalia, betri ingoje asubuhi.

Anayetumia jenereta aliwashe kwanza, liache kutetereka, ndipo achomeke chaja. Akitaka kulizima, achomoe chaja kwanza. Umeme wa mtandao ukikatika, chomoa pia, kwa sababu unaporudi mara nyingine hurudi kwa kishindo. Na petroli isikae kwenye chumba cha kuchajia, hata dumu moja, hata tupu. Dumu tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaoshika moto. Hata drili yenyewe, hasa zile za bei nafuu zenye brashi ndani ya mota, hutoa cheche ndogo kila inapozunguka. Usitoboe karibu na tangi la injini lililo wazi.

Kuna kosa jingine dogo ambalo karibu kila mfuko wa fundi unalo: betri kutupwa pamoja na misumari na skrubu. Msumari mmoja ukilala kwenye vichwa viwili vya betri ni shoti. Kila betri iwe na kifuniko chake. Kama kimepotea, kata kipande cha plastiki au bandika utepe wa umeme.

Grainda nayo isidharauliwe kwa kuwa haina waya. Diski yake huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na ikipasuka vipande vyake havichagui. Toa betri kila unapobadilisha diski, bila kuona aibu ya kupoteza sekunde kumi. Usiondoe kinga ili diski kubwa iingie. Soma kasi iliyoandikwa kwenye diski, isiwe ndogo kuliko kasi ya mashine. Tazama pete ya chuma katikati ya diski ya kukatia: kwa watengenezaji makini kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, kwa sababu gundi inayoishikilia huchoka. Vaa miwani, shika mashine kwa mikono miwili, simama pembeni ya njia ya diski, na uelekeze cheche kusiko na nyavu. Jioni pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu na brashi laini, fungua matundu ya hewa ya mota, safisha vichwa vya betri. Grisi iliyoiokoa Liemba ina kazi kwenye gia, si kwenye vichwa vya betri.

Wavuvi wangu wa dagaa, nakuja kwenu na jambo ambalo ninyi mnalimudu kuliko mtu yeyote nchini. Kila mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hushinda wa taa zenu, dagaa hawakusanyiki, na vyombo hupumzika nchi kavu. Siku hizo mnashona nyavu, mnaziba maboti, mnalipana madeni. Naomba ziongezewe kazi moja: mbalamwezi iwe siku ya betri kwa mwalo mzima. Kila chombo kilete betri zake mahali pamoja, mchana kweupe, zikaguliwe mbele ya wote. Iliyovimba itengwe. Iliyopasuka kasha itengwe. Waya uliotafunwa na panya ubadilishwe. Sanduku la betri likaushwe, lifungwe vizuri, liinuliwe lisikae kwenye maji ya chini ya chombo. Kila betri iandikwe kwa rangi mwezi na mwaka ilionunuliwa, ili isije ikauzwa kama mpya kwa mtu mwingine.

Mkiwa mnapumzika, kumbukeni kwamba betri zenu ni za tabia mbili, na kinachoifaa moja huiumiza nyingine. Betri ya asidi, ile nzito ya risasi, ihifadhiwe ikiwa imejaa. Ikilala tupu wiki nzima sahani zake hushika ukoko na uwezo haurudi. Betri ya lithiamu kinyume chake: ikipumzika muda mrefu iache karibu nusu, si tupu wala si imejaa pomoni. Betri ya asidi yenye vifuniko ipungukapo maji iongezwe maji yaliyosafishwa ya betri. Usiongeze asidi, na usichote ziwani, hata kama maji yetu ni meupe kiasi gani. Inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, basi sigara na kiberiti vikae mbali. Asidi ikimrukia mtu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka si chini ya robo saa, kisha mpelekeni Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu. Msingoje kuona kama litapoa lenyewe.

Kwenu mafundi simu na redio, ndugu zangu wenye mikono myepesi. Najua mnanunua betri chakavu za kompyuta za mapajani, mnachambua seli, mnaunda betri za taa na drili. Ustadi huo ni wa kuheshimiwa, na familia zinakula kwa sababu yake. Naomba masharti matatu. Seli zilizochoka zisichanganywe na nzima, kwa sababu iliyo dhaifu hujaa mapema, ikalazimishwa kuendelea kunywa umeme hadi ishindwe. Betri isitoke mikononi mwenu bila bodi ya ulinzi inayozuia kujaa kupita kiasi na kuisha kupita kiasi. Na msichome seli moja kwa moja kwa chuma cha kulehemu. Joto hilo huharibu ndani kimyakimya. Asiye na mashine ya kushikiza vibati kwa haraka amwombe mwenzake mwenye nayo. Chuo cha ufundi cha VETA kipo hapa mkoani. Tuwaombe walimu na vijana wake waje mwaloni siku ya mbalamwezi na vipimo vyao, nasi tuwape maswali ya kazi halisi.

Ikitokea ajali, tujue la kufanya kabla haijatokea. Betri ya lithiamu inayokaribia kuwaka hutoa ishara: huvimba, huwa ya moto bila kufanya kazi, husikika kama inavuta pumzi, hutoa harufu kali ya dawa. Ukiona hivyo na bado haijawaka, kata umeme, itoe nje kwa koleo au ubao, iweke kwenye udongo mtupu, na watu wasogee. Ikishawaka, moshi wake ni sumu, usiinamie. Moto huu huzaliwa ndani ya seli, hauhitaji hewa nyingi ya nje, ndiyo maana ukifunikwa au kupuliziwa unga unaweza kuzima na kuwaka tena. Dawa yake ni maji mengi, yamwagwe mfululizo ili yapoze, na yaendelee hata miale ikishakufa. Lakini petroli ikishashika, usiimwagie maji, yatautawanya moto. Hapo ni mchanga au kizimamoto. Kwenye chombo kilicho majini, madumu ya petroli yasogezwe kwanza, maboya yavaliwe, kisha maji yapigwe kwa ndoo. Maisha kwanza, mali baadaye. Kwa nchi kavu, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikwe ukutani kwenye kila banda, kwa rangi inayosomeka kwa mbali.

Sasa betri iliyokufa. Hapa nazungumza na kila mtu, hasa akina mama wanaoanika dagaa. Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, huko Kalemie, ng'ambo ya pili, na kina cha ziwa hushuka hadi mita 1,470. Tunachokitupa humu hakiendi popote. Kinatungoja. Na mchanga tunaouanikia dagaa ndio huohuo ambao watoto huvunjia betri kuukuu kutafuta risasi ya kuyeyusha iwe uzito wa nyavu. Vumbi la risasi halionekani kwenye dagaa, halina harufu, halisafishiki kwa kupikwa. Kwa mtoto mdogo huathiri ubongo, na ubongo huo haurudi ulivyokuwa.

Haya si maneno ya kutishana. Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kawaida huko Mombasa, ulikaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri za asidi. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani hapo, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana risasi mwilini, akasimama na majirani zake hadi kiwanda kikafungwa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Lakini hukumu haitoi risasi kwenye damu. Na huko Dakar, Senegal, kwenye kitongoji cha Thiaroye, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, kwenye mchanga ambao watu walikuwa wakichekecha kutafuta risasi ya betri. Mchanga wa pwani, watu wa pwani, riziki ya pwani. Tofauti yetu nao ni kwamba sisi tumeshasikia.

Betri ya asidi iliyokufa ina mnunuzi. Iuzwe nzima, haijavunjwa, kwa mwenye kibali. Ya lithiamu haina mnunuzi mwaloni, kwa hiyo hutupwa, ingawa ndani ya nyingi mna kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya dunia huyapata kwa majirani zetu Wakongo. Pendekezo langu ni pipa moja la chuma kwa kila mwalo, lenye mchanga mkavu ndani na kifuniko juu, kivulini, mbali na petroli na mbali na vichanja vya dagaa. Kila betri ibandikwe utepe kwenye vichwa vyake kabla ya kuingia. Vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU), ninyi mna orodha ya vyombo na mna sauti mwaloni. Pipa liwe chini yenu. Waheshimiwa madiwani na watendaji wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji na halmashauri jirani, tunawaomba mpange na mamlaka ya taifa ya mazingira namna mapipa hayo yatakavyochukuliwa na wakusanyaji wenye kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwananchi akijaza pipa na pipa lisichukuliwe, ndani ya miezi mitatu atarudi kutupa ziwani, na hatutakuwa na neno la kumwambia.

Basi tuanze mbalamwezi ijayo, bila kungoja mradi wala semina. Kila mwalo umtaje mtu mmoja wa betri, mwanamume au mwanamke, anayeaminika na anayejua kusema hapana. Kila mwenye banda atafute kona ya kuchajia na aiondoe petroli. Kila mwenye duka akubali kupokea betri kuukuu pale anapouza mpya. Na mwalo utakaotangulia usikae na ujuzi wake. Utume watu wawili mwalo wa jirani, wakawaonyeshe wenzao jinsi ya kuanza.